Nani aamue fedha za utafiti wa bahari, na nani ashauri tu?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na rasilimali za bahari, katika pwani ya kusini. Sisi na BMU nne za jirani tumekuwa tukifunga miamba ya pweza isivuliwe kwa muda na kuifungua kwa zamu, na kila tukifungua tunaweka akiba kidogo kutoka kwenye mauzo. Sasa yuko mfadhili aliyeahidi kutuongezea kiasi kilekile tulichoweka, kwa sharti kwamba fedha ziende kwenye utafiti: tujue mwamba ufungwe muda gani, na wapi. Hapo ndipo tulipokwama. Walimu wa chuo wanasema kuchagua utafiti wa kugharamia ni kazi ya wasomi. Wavuvi wanasema fedha ni jasho lao, wao ndio waamue. Huko kwingine chombo cha namna hii kinaendeshwaje? Nani anaamua na nani anashauri tu?"

Marahaba, ndugu katibu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikimbilia upande wa walimu, kwa kuwa na mimi ni mwalimu wa sayansi ya bahari na nimekaa upande ule wa meza zaidi ya miaka ishirini. Nilipoirudia ndipo nikaona kwamba mnagombania kiti kimoja, wakati kazi iliyoko mbele yenu inahitaji viti vitatu, na anayekaa kwenye kimoja hawezi kufanya kazi ya mwenzake bila kuharibu.

Nitakueleza chombo kimoja ambacho nimekifuatilia kwa muda mrefu. Kiko mbali sana na mwamba wenu, kwenye baridi ya Alaska. Nimekichagua kwa sababu sheria iliyokiunda imetaja waziwazi nani anakaa wapi na ana mamlaka gani. Tena kimezaliwa na ugomvi ambao mtu wa pwani anauelewa bila kufafanuliwa: ugomvi wa fungu.

Kaskazini kabisa ya Alaska, karibu na visima vya mafuta vya Prudhoe Bay, kuna fungu la kokoto na mchanga linaloitwa Dinkum Sands. Sisi tunayajua mafungu: maji yakipwa unashuka kwenye ngalawa na kutembea, maji yakijaa unapita juu yake na tanga. Lile la kule lina barafu ndani pia, na barafu ikiyeyuka fungu lenyewe linadidimia. Jimbo la Alaska lilidai kwamba kile ni kisiwa, kwa hiyo bahari inayokizunguka ni ya jimbo, pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Serikali kuu ya Marekani ikauliza: kisiwa gani hicho kinachozama maji yakijaa? Kesi ilifunguliwa mwaka 1979, ikiwa na mambo mengine kadhaa ya mipaka ya bahari, na ikachukua karibu miaka kumi na minane. Muda wote huo fedha zilizolipwa na kampuni za mafuta kwa ajili ya vitalu vyenye mgogoro ziliwekwa kando, zikazaa riba juu ya riba hadi zikafika kama dola bilioni 1.6. Tarehe 19 Juni 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba Dinkum Sands si kisiwa, kwa sababu mara nyingi liko chini ya kiwango cha maji yaliyojaa.

Sasa sikiliza walichofanya na fedha. Mwishoni mwa mwaka huohuo bunge lao lilipitisha sheria kwamba nusu ya kilichopatikana kwa serikali kuu katika kesi ile kiwekwe kwenye mfuko, mtaji wake usiliwe. Riba ndiyo itumike, na asilimia 20 ya riba hiyo iende kwenye utafiti wa Pasifiki ya Kaskazini, Bahari ya Bering (iliyo kati ya Alaska na Urusi) na Bahari ya Aktiki. Chombo cha kusimamia fungu hilo la pili, la fedha, kikaitwa Bodi ya Utafiti ya Pasifiki ya Kaskazini. Kilianza kazi mwaka 2001, na ofisi yake iko Anchorage.

Kabla sijafika kwenye viti, tia akilini jambo hili la mtaji, kwa kuwa ninyi mna akiba na mna ahadi, na ahadi si akiba. Chombo kinachosubiri kupangiwa fungu kila mwaka kwenye bajeti hutumia nusu ya mwaka kubembeleza. Chombo kinachokula riba hulala usingizi, lakini nacho hupanda na kushuka na viwango vya riba. Mwaka ambao riba ni ndogo, ruzuku nazo huwa chache. Hakuna njia isiyo na kasoro. Ila bodi ambayo mtaji wake hauguswi inaweza kumwambia mtafiti, "njoo miaka mitano", na bahari haijibu maswali yake kwa chini ya hapo.

Haya, viti. Sheria ile ilipoandikwa ilitaja wajumbe 20, mmoja mmoja. Kumi huingia kwa vyeo vyao au hutuma wawakilishi: Waziri wa Biashara, ambaye kule ndiye mwenye idara ya uvuvi wa baharini, Waziri wa Mambo ya Nje, waziri anayesimamia ardhi na hifadhi za taifa, mkuu wa walinzi wa pwani, mkuu wa utafiti wa jeshi la majini, kamishna wa samaki na wanyamapori wa Alaska, mwenyekiti wa baraza linalopanga viwango vya uvuvi, mwenyekiti wa tume ya utafiti wa Aktiki, na wakuu wa taasisi mbili za huko Alaska, moja ya kukabiliana na umwagikaji wa mafuta baharini na nyingine ni kituo cha viumbe wa bahari kilichoko Seward. Watano wanapendekezwa na gavana wa Alaska, na hapa sheria haikumwachia nafasi ya kujaza rafiki zake: mmoja lazima awe wa upande wa wavuvi, mmoja wa wenyeji asilia wa Alaska, mmoja wa watetezi wa mazingira, mmoja wa vyuo vikuu, mmoja wa mafuta na gesi. Gavana wa jimbo la Washington anapendekeza watatu, wa jimbo la Oregon mmoja, na wa ishirini ni mtu wa uvuvi ambaye bodi yenyewe inampendekeza.

Unaweza kuuliza, bahari ni ya Alaska, Washington wamepewaje watatu? Ni kwa sababu meli nyingi kubwa zinazovua Bahari ya Bering nyumbani kwao ni Seattle, mji wa jimbo hilo la Washington. Anayevua bila kuwa mkazi naye anaathiriwa na utafiti, na utafiti unamhitaji, maana kumbukumbu za mavuno yake ziko kwenye meli yake. Hili nalisema kwa ajili yenu hasa. Wavuvi wa dago kutoka Kojani, Pemba, wanapokuja kupiga kambi kwenye fukwe zenu msimu wa kaskazi, mnawahesabu kama wageni. Wapeni kiti. Mkiwaacha nje, utafiti wenu wa pweza utakuwa na tundu kubwa katikati, na mwamba mtakaoufunga wao watakuwa hawana sababu ya kuuheshimu.

Kila mjumbe ana kura moja, waziri na mvuvi sawasawa, na uamuzi hupita kwa wingi wa kura. Lakini sina budi kusema ninachokiona: katika orodha ile ya mwanzo, kiti kimoja kati ya 20 kwa wenyeji asilia kilikuwa kidogo mno. Watu wanaokula nyama ya sili na samoni kila wiki, ambao babu zao walisoma barafu ile kabla hajatokea mpima ramani hata mmoja, walipewa mkono mmoja wa kunyoosha kati ya ishirini. Nisingekushauri uige hapo.

Kuna kifungu kimoja katika sheria ile ambacho kwangu kina thamani kuliko orodha nzima ya wajumbe. Kisheria bodi haitoi ruzuku. Inapendekeza, na Waziri wa Biashara ndiye anayeidhinisha. Ukiishia hapo utadhani ni hadithi ileile, kwamba bodi inazungumza na waziri anafanya atakalo. Soma mstari unaofuata. Waziri akikataa ruzuku iliyopendekezwa na bodi, ni lazima aeleze kwa maandishi kwa nini amekataa. Na zile fedha za mradi alioukataa haziwi zake: zinabaki kwa ajili ya miradi mingine ambayo bodi itaipendekeza, basi.

Pima uzito wa maneno hayo, ndugu katibu. Mkubwa ana haki ya kusema hapana, ila hapana yake haimwingizii kitu. Hawezi kuukataa mradi wenu wa pweza ili fedha ziende kwenye mradi wa shemeji yake. Na kwa kuwa sababu lazima iandikwe, sababu za aibu hufia mdomoni.

Sasa njoo kwenye kiti cha pili, cha wasomi. Bodi ile ina jopo la sayansi, watu inaowateua yenyewe kwa ujuzi wao: wa samaki, wa mikondo na barafu, wa ndege wa baharini, wa nyangumi na sili, wa uchumi na maisha ya jamii za pwani. Tangazo la kuomba ruzuku likitoka, maandiko ya watafiti wanaoomba fedha yakaingia, kila andiko kwanza linapelekwa kwa wataalamu wa nje ambao majina yao mwombaji haambiwi. Wao wanaandika maoni: swali linajibika? Njia ni sahihi? Sampuli zinatosha? Bei inaeleweka? Baada ya hapo jopo linakaa na kusoma andiko pamoja na maoni yale, na kuyapanga maandiko kwa madaraja, kuanzia yenye nguvu hadi yasiyofaa. Jopo halina hundi mkononi. Linapeleka madaraja kwa bodi, na bodi, kwa kawaida katika kikao chake cha mwezi Mei, ndiyo inayoamua yapi yapendekezwe kwa waziri yapate fedha.

Walimu wenu watasema: kama jopo limekwisha kupanga madaraja, bodi imebakiwa na nini? Imebakiwa na mengi. Maandiko mawili yanaweza kuwa bora sawasawa, moja la kaa na jingine la ndege, na fedha ni za moja. Sayansi haiwezi kukuambia kama jamii inamhitaji kaa zaidi au ndege. Hilo ni swali la anayeishi na matokeo. Upande wa pili, mvuvi mwenye miaka arobaini baharini anaweza kulipenda andiko kwa kuwa linataja mwamba wake, wakati mtaalamu wa takwimu angemwonyesha kwa dakika tano kwamba kuhesabu pweza katika mwamba mmoja uliofungwa, bila mwamba wa kulinganisha nao ulioachwa wazi, hakutamfundisha kitu. Utamaliza fedha na utabaki na picha nzuri.

Ndiyo maana jopo la sayansi linatakiwa liweze kusema "hili halifai" na sauti yake isikike, na bodi iweze kusema "kati ya yanayofaa, tunalitaka hili". Ikiwa bodi inataka kupitisha andiko ambalo jopo limeliweka chini, iandike sababu kwenye muhtasari wa kikao. Ni sharti lilelile alilowekewa waziri, na mimi ningelishusha hadi chini kabisa.

Kiti cha tatu kinasahauliwa karibu kila mahali. Bodi ile ina jopo jingine, la ushauri, lenye wavuvi, watu wa vijiji vya pwani, wenyeji asilia, watu wa mazingira na wengine wanaoitumia bahari ile. Hawa hawapimi ubora wa takwimu. Kazi yao inatangulia: kuiambia bodi ni maswali gani yaulizwe, na baadaye kuangalia kama mtafiti aliyepewa fedha kweli atakwenda kijijini na kurudi na majibu, au atapita tu na kuchukua. Wanakaa karibu na mwanzo wa safari, wakati tangazo la ruzuku linaandikwa. Hapo ndipo penye nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Aliyeandika tangazo amekwisha kuamua nusu ya mambo, maana andiko ambalo tangazo halikuliita haliji.

Bodi hiyo ilipoanza haikukurupuka kugawa kila kitu. Iliomba Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, chombo kisicho chini ya bodi, liishauri namna ya kuandika mpango wake wa sayansi, na mpango huo ukakamilika mwaka 2005. Kwa lugha ya mwambao: waliandika maswali kwanza, ndipo wakaita wajibuji. Ninyi mna fedha mkononi na ugomvi wa viti, lakini katika barua yako yote sijaona maswali yaliyoandikwa, zaidi ya "muda gani na wapi".

Nikupe mfano wa swali lililoulizwa vizuri. Katika Bahari ya Bering kuna samaki anayeitwa poloki, jamii ya samaki weupe wa maji baridi, anayevuliwa kwa wingi wa kutisha. Mwaka 2006 kiwango kilichoruhusiwa kuvuliwa upande wa mashariki wa bahari ile kilikuwa karibu tani milioni 1.5. Wengi waliamini kwamba miaka ya joto ni mizuri kwa poloki, kwa kuwa chakula kinaota mapema na watoto wa samaki wanakua upesi. Ikaja miaka ya joto mfululizo, tangu 2001 hadi 2005, na watoto wa poloki wakaonekana wengi kiangazi, kisha wakapotea. Kufikia mwaka 2009 kiwango kilikuwa kimeshushwa hadi tani 815,000. Mtafiti mmoja na andiko lake la miaka miwili hawezi kulijibu jambo kama hilo, kwa kuwa linagusa barafu, vijidudu vya maji, samaki, ndege, sili, na watu.

Bodi ikaungana na shirika la taifa la sayansi la Marekani, wakaweka pamoja kama dola milioni 52, na tangu 2007 wanasayansi kama mia moja wakaifanya Bahari ya Bering kuwa kazi moja. Waliyoyakuta yaligeuza imani ya zamani. Katika miaka ya baridi, yenye barafu nyingi, vijidudu vikubwa vyenye mafuta huwa vingi, na poloki mchanga akivila anaingia kipindi cha baridi akiwa amenenepa. Katika miaka ya joto anakua haraka lakini hana mafuta, na njaa ya miezi ya giza inammaliza. Katika kazi hiyohiyo walikwenda vijijini, Akutan, Emmonak, Togiak na kwingineko, wakaandika kile wazee na wawindaji wanachokijua na kile kinacholiwa nyumbani kwao. Maarifa hayo hayakuwekwa kama kiambatisho cha adabu. Yalikuwa sehemu ya bajeti tangu mwanzo. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na kiti cha tatu.

Sasa nifike kwenye lile linaloua vyombo hivi, nalo ni mgongano wa maslahi. Katika bahari yoyote, wanaoijua ni wachache, na haohao ndio wanaoomba fedha na ndio wanaoombwa ushauri. Huwezi kulikwepa. Hata Alaska, kile kituo cha Seward ambacho mkuu wake ana kiti kwenye bodi, ndicho pia kinachoitunzia bodi hesabu zake, na watafiti wake nao huomba ruzuku. Dawa si kuwafukuza wenye ujuzi. Dawa ni mtu kutangaza maslahi yake mapema, yakaandikwa, na zamu ya andiko linalomhusu ikifika, atoke.

Nasema atoke, si anyamaze. Nina sababu. Miaka mingi iliyopita nilikaa kwenye kamati moja ya kugawa ruzuku, jina lake nalihifadhi. Tulikuwa wajumbe saba, chumba kidogo, feni moja. Siku ya uamuzi kulikuwa na andiko la kijana aliyekuwa akisimamiwa masomo na mwenyekiti wetu. Mwenyekiti alisema, "Hili sitalizungumzia," na kweli hakusema neno. Alisogeza kiti nyuma, akaangalia dirishani. Lakini alikuwapo. Kila aliyetaja alama zake alimtupia jicho kwanza. Nilikuwa nimeandika 5 kwa penseli pembeni ya karatasi yangu. Zamu yangu ilipofika nikasema 7. Andiko lile likapita, na andiko la kina mama wakulima wa mwani, waliotaka kujua kwa nini mwani wao unapauka na kukatika kila joto likizidi, likaachwa kwa tofauti ya alama moja. Hakuna aliyeiba shilingi siku ile. Hakuna aliyesema uongo ila mimi. Mwenyekiti angetoka nje kwa dakika kumi, ningetaja kilichoandikwa kwenye karatasi yangu.

Kwa hiyo kwenye kanuni zenu andikeni neno "atatoka chumbani", na muhtasari uonyeshe saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kwa wajumbe wa BMU pia. Mwenyekiti wa BMU ambaye mwamba wa kijiji chake ndio unaopendekezwa kufanyiwa utafiti ana maslahi sawasawa na mwalimu ambaye andiko ni lake.

Posho sina budi kuigusa, kwa sababu najua itakuja. Sheria ya Alaska imeweka kikomo: uendeshaji wa bodi na usimamizi wa ruzuku usile zaidi ya asilimia 15 ya fedha. Ninyi mna fedha kidogo zaidi, na vikao vitano vya watu kumi na tano wenye nauli, chakula na posho vinaweza kumaliza utafiti kabla haujaanza. Wekeni asilimia yenu leo, wakati hakuna anayedai. Na mtunza fedha asiwe mpiga kura. Akaunti ikae kwa mtu au chombo kinacholipa kilichoandikwa kwenye muhtasari na si vinginevyo.

Hamna haja ya kutafuta wajuzi mbali. Unguja ndipo yalipo makao ya WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya Magharibi ya Bahari ya Hindi, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoa ruzuku za utafiti kwa nchi za ukanda huu kwa msaada wa Sweden. Watafiti waliopita kwenye mchujo wake, wakakubaliwa au wakakataliwa, wamejaa pwani nzima kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Hao ndio wa kuwaomba wawasomee maandiko, hasa wale ambao hawana mpango wa kuomba fedha zenu.

Ningekuwa kwenye nafasi yenu, ningefanya hivi. Bodi iwe ndogo, watu tisa. Watano mmoja kutoka kila BMU, na kati yao wasipungue wawili wanawake, kwa kuwa wanaotembea kwenye mwamba maji yakipwa na kumtoa pweza shimoni kwa kijiti wengi ni wanawake, na wanayoyajua kuhusu mashimo yale hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Mmoja wa dago. Mmoja mnunuzi wa pweza, kwa sababu daftari lake la mizani ni utafiti uliokwisha fanyika bure. Afisa uvuvi wa halmashauri. Na msomi mmoja, asiyeomba ruzuku. Hao ndio waamuzi.

Walimu wa chuo waambieni kwa heshima kwamba kiti chao kikubwa ni cha jopo la sayansi, na kwamba si kiti cha chini. Wasomaji watatu wanatosha kwa fedha zenu, angalau wawili kutoka chuo kingine. Wasome kila mmoja peke yake, waandike, ndipo wakutane. Wakikutana kwanza, mwenye sauti nzito ndiye atakayekuwa amesoma kwa niaba ya wote. Neno lao "halifai" liwe na nguvu hivi: bodi haiwezi kulipita ila kwa theluthi mbili ya kura na sababu iliyoandikwa.

Kiti cha tatu msikitungie kamati mpya. Tayari mnacho, ni mkutano wa kijiji. Kabla ya tangazo lolote kutoka, kila BMU iite mkutano, si siku za bamvua watu wakiwa mwambani, na irudi na maswali matatu yaliyoandikwa kwa maneno ya watu wenyewe. Kumi na tano hayo bodi iyapange, na ndiyo yawe tangazo. Utafiti ukiisha, mtafiti arudi kwenye mikutano ileile na kuyajibu, kabla hajalipwa awamu ya mwisho. Hiyo awamu ya mwisho izuieni kweli.

Imebaki nafasi ya mfadhili wenu. Yeye ndiye "waziri" wa hadithi yangu, na ndiye ambaye hamjamtaja katika ugomvi, ingawa anaweza kuumaliza mfuko wote kwa barua moja. Katika mkataba wenu naye ombeni kifungu hiki: "Mfadhili anaweza kukataa mradi uliopitishwa na bodi. Akikataa, ataeleza sababu kwa maandishi ndani ya siku thelathini, na fedha za mradi huo zitabaki kwa miradi mingine itakayopendekezwa na bodi." Kijadilini hicho kabla ya vyeo na kabla ya nembo. Akikikubali, mengine mtaelewana. Akisita, msitie saini bado. Niandikie tena, na unitumie rasimu nzima ya mkataba.